Kigingi cha Jumatano

Kiti cha magurudumu kilikataa kupita mlangoni. Seremala alikisukuma taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akakigeuza upande, na kila mara vyuma vya magurudumu viligonga fremu na kurudi nyuma. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mlango ule aliutengeneza mwenyewe, mbao ngumu, bawaba tatu, kazi ya kujivunia, na kila mwezi alikuwa akiwauzia watu milango mipana kuliko ule, watu wasio na mgonjwa wala kiti. Mganga hajigangi, alisema jirani mmoja kati ya waliokuja kutazama, akacheka kidogo kabla ya kukumbuka kwamba pale hapakuwa pa kuchekea.

Aliyekaa kwenye kiti alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, kijana wa miaka ishirini na sita ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Wiki saba kabla ya siku hiyo alikuwa na kibanda chake cha kunyolea, kioo kirefu, viti viwili na foleni kila Jumamosi. Sasa alikuwa ametoka hospitali na karatasi iliyosema kwamba uti wake wa mgongo umekatika na hatatembea tena. Walimwacha nje juani wakati Seremala alipokwenda karakana kuchukua msumeno na tindo. Wapita njia walimsalimu kwa sauti kubwa, utadhani ajali ilimharibu masikio.

Kazi ya kupanua mlango ilichukua saa moja na nusu. Katikati ya kazi suruali ya Kinyozi ilianza kulowa, na mwenyewe hakujua, maana kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa tena na habari na mwili wake. Dada yake ndiye aliyeona. Alitoka ndani na shuka, akamfunika miguu, akasema kuna upepo. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na hakuna jirani aliyembishia.

“Fanya haraka, baba watoto,” alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

Seremala akafanya haraka. Aliikata fremu yake bila kuipima, jambo ambalo angemfukuzia fundi wake kazi. Majirani wakasema ni huruma. Huruma ilikuwepo kweli. Lakini kati ya watu wote waliosimama pale, ni yeye peke yake aliyejua kwa nini kijana yule yuko kwenye kiti, au ndivyo alivyodhani, na alikuwa amenyamaza. Akisema, mkewe atamtoa ndani ya nyumba hiyo. Asiposema, kuna mtu mwingine anayeubeba mzigo wake, tena mtu mwema.

*

Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, wanaume kumi na wanne walikutana kwenye kituo cha mafuta, wakawasha pikipiki na kuzunguka njia za mashambani mpaka giza liingie. Hawakuwa na abiria wala mzigo wala mahali pa kufika. Wake zao waliwaita watoto wenye ndevu. Ila ukiwauliza wenyewe, wangekwambia kwamba hizo zilikuwa saa mbili pekee katika wiki nzima ambazo hakuna mtu aliyewatuma kitu, na nadhani walistahili kuwa nazo.

Njia za mashambani zina kona nyingi na vumbi jingi, na wa nyuma hamwoni wa mbele. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao. Anayeongoza aliitwa kichwa, naye alikuwa mwenye duka la dawa, ambaye watu walimwita Daktari na yeye hakuwahi kuwakatalia. Wa mwisho kabisa aliitwa mkia. Huyo alikuwa Mwalimu, mtu wa hesabu, mpole, mwenye kizibao cha njano kinachong'aa. Na kila mara kichwa alipokata kona, aliyemfuata alisimama pale pale kwenye njia panda kuwaonyesha wenzake njia. Huyo walimwita kigingi. Kigingi hahesabu watu, wala hawaulizi majina. Anangoja kizibao cha njano kimpite na kumwashia taa mara mbili, ndipo anang'oka.

Kanuni ya pili ilizaliwa na ya kwanza: njia panda isiyo na mtu, nenda moja kwa moja. Mwalimu aliiandika kwenye karatasi, akatoa nakala kumi na nne na kumgawia kila mmoja, na wenzake wakamtania kwamba amesahau kuwapa mtihani.

Kinyozi alikwenda nao mara moja tu, kwa pikipiki yake. Dada yake hakutaka. Alisema huyo ndiye mdogo wake pekee aliyebaki, na kwamba pikipiki haina ubavu wa kumkinga mtu. Seremala akacheka, akamwambia mkewe asiwe na wasiwasi, atamrudisha shemeji yake vile vile alivyomchukua. Alisema hivyo akiwa ameshika kikombe cha chai mlangoni, maneno ya mdomoni tu, ya mtu mwenye furaha.

Katikati ya safari walipumzika kwenye daraja dogo. Seremala akamwambia shemeji yake kwamba kona inayofuata kigingi atakuwa yeye, asiogope vumbi, atamwona amesimama. Na kweli alisimama, kwenye njia panda ambayo ukikata kushoto unarudi mjini, na ukinyoosha unafika machimbo ya mawe yaliyoachwa. Wenzake wakampita mmoja mmoja, kisha watano kwa mkupuo katikati ya wingu la vumbi. Alidhani Kinyozi yumo kati ya wale watano. Kisha akaona kizibao cha njano kinakuja, bado mbali, taa ikirukaruka kwenye mashimo. Akaona kama imewaka mara mbili. Akainua mkono, kizibao nacho kikainua mkono, na Seremala, ambaye hakupenda kula vumbi la watu, akaondoka.

Hakuwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa kilomita mbili nyuma, amechuchumaa kando ya njia, akimrudishia Kinyozi mnyororo uliochomoka. Walipomaliza, kijana akaondoka kasi kuwafukuza wenzake. Alifika njia panda, hakuona mtu, akanyoosha. Mwalimu aliyekuwa nyuma yake alisikia mawe yakiporomoka kabla hajafika ukingoni mwa machimbo.

*

Wiki ile ile wenzao walikutana kwenye baraza la duka la dawa. Daktari aliuliza swali moja tu: pale njia panda kulikuwa na mtu au hakukuwa? Mwalimu akasema hakukuwa na mtu. Seremala akasema yeye alikuwepo, na Mwalimu alimpita na kumwashia taa. Siku hiyo hakuwa anadanganya, au alidanganya kidogo sana: aliyemwona anakuja alisema amempita. Aliamini hivyo kwa moyo wote. Wenzake wakamwamini. Nani atamsingizia mtu juu ya damu ya shemeji yake mwenyewe? Mwalimu aliwatazama kwa zamu, akavua kizibao, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya benchi. Hakurudi tena Jumatano.

Wiki mbili baadaye mtu mmoja alifika karakana kutaka kreti ya mbao ya kubebea madebe ya maziwa kwenye pikipiki yake. Alikuwa amevaa kizibao cha njano. Alimkazia macho Seremala, kisha akatabasamu.

“Si wewe uliyenipungia mkono kule njia ya machimbo, Jumatano moja jioni?” alimwuliza. “Nikasema, huyu ananijua wapi? Nikakupungia na mimi, salamu haigombi.”

Seremala alimtengenezea kreti yake. Alipima, akakata, akapigilia misumari, akapaka rangi. Mteja alipoondoka, alikaa juu ya rundo la maranda na kubaki pale mpaka fundi wake akamwuliza kama anaumwa. Alisema ni jua.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani akiwa na nia ya kusema. Akamkuta mkewe amepiga magoti jikoni, anamwombea mdogo wake na kumshtakia Mungu yule mwalimu, kwa maneno ambayo sikudhani mwanamke mpole kama yeye anayajua. Seremala akageuka, akaenda kunawa mikono. Kesho yake ilikuwa ngumu zaidi, na keshokutwa zaidi ya kesho. Aliuza pikipiki ili kupata kiti, na watu wakamsifu kwa kujitoa.

*

Mlango uliopanuliwa haukurudishiwa ubao, maana ubao wa zamani ulikuwa mdogo na mwingine haukuwa umepatikana. Wakatundika pazia. Watoto wawili walihamishiwa sebuleni ili mjomba wao apate chumba, na nyumba nzima ikaanza kwenda kwa saa za mjomba. Kumgeuza alfajiri, kumwogesha, kumkalisha, kumgeuza, kumlaza. Mke wa Seremala alifanya kazi ya kupanga mikate kwenye trei katika kiwanda kidogo cha mikate, na trei zile zilikuwa zimemmaliza mgongo miaka mingi kabla. Alijaribu kumnyanyua mdogo wake mara moja, wote wawili wakaanguka, wakakaa sakafuni nusu saa wakisubiri mtu. Tangu hapo aliyenyanyua ni Seremala. Alirudi kutoka karakana mara mbili kwa siku kwa ajili hiyo, na wateja wakaanza kuzoea kukuta pamefungwa.

Kinyozi alitaka kunyoa. Wateja wake wawili wa zamani wakaja kwa adabu, ila mtu aliyeketi hawezi kukifikia kichwa cha mtu mwingine aliyeketi. Ikabidi mmoja apige magoti mbele ya kiti, kichwa kimeinama mapajani pa kijana. Akanyolewa kimya kimya, akajipangusa magoti, akaacha pesa nyingi kuliko bei. Kinyozi alimrudishia chenji yote. Yule wa pili akasema atakuja wiki ijayo.

Jumapili moja mchana Mwalimu alikuja na mfuko wa machungwa. Mke wa Seremala alimsimamisha nje ya pazia, hakumkaribisha kiti wala maji. Seremala alikuwa ndani, amemshikilia Kinyozi mabegani akimbadilisha shati, na kila neno liliwafikia.

“Umekuja kuangalia kama amebaki?” mke aliuliza. “Kazi yako ilikuwa moja tu, Mwalimu. Kukaa nyuma na kuona.”

Mwalimu alisema pole. Akasema tena pole. Kisha akasema kwamba yeye siku ile hakuona mtu pale njia panda, angeapa kwa chochote, lakini Seremala amesema alikuwepo, na anamjua kuwa si mtu wa uongo. Basi kosa litakuwa la macho yake. Amekwenda kupima.

“Nimepewa hii,” alisema, akagusa miwani mpya usoni. “Wanasema tatizo ni dogo. Lakini dogo nalo ni tatizo.”

Seremala aliiona miwani ile kupitia upenyo wa pazia. Ilikuwa na fremu nyeusi, nzito, bado ina alama ya kibandiko pembeni mwa kioo. Mtu alikuwa ameacha kuyaamini macho yake mwenyewe, akalipia miwani, kwa sababu ya neno la Seremala. Aibu ilimpanda.

“Baba watoto,” mkewe aliita, “njoo umwambie mwenyewe. Mimi naweza kumtukana mtu mzima.”

Alitoka. Walitazamana, na Mwalimu ndiye aliyeinamisha macho. Seremala alifungua kinywa kusema, na alichosikia kikitoka ni kwamba yaliyopita si ndwele, Mwalimu aende zake salama, na asante kwa machungwa. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumshukuru kwa kumsamehe. Aliondoka akitembea kwa miguu, maana siku hizo hakupanda tena pikipiki.

“Wewe una roho ya ajabu,” mkewe alimwambia. “Mimi nisingeweza.”

Machungwa yale mkewe aliyatupa, yote.

*

Ilikuwa Jumatano, na mkewe alikuwa zamu ya jioni. Watoto walikuwa nje na wenzao. Seremala aliingia chumbani na beseni la maji ya moto, akaliweka chini, akavuta kigoda. Alikuwa ameamua. Angeanza na aliyeumia, kisha mkewe akirudi, kisha angekwenda kwa Mwalimu na kumwomba radhi mbele ya wale wote waliokaa barazani. Alikuwa amepanga hata maneno. Kwa mara ya kwanza tangu aje mtu wa maziwa, alihisi njaa ya kawaida, ya mtu mwenye afya.

“Shemeji, kuna jambo.”

“Nigeuze kwanza,” Kinyozi alisema.

Alimgeuza. Chini ya mgongo kidonda cha kulalia kilikuwa kimeongezeka tangu asubuhi. Alikisafisha kama manesi walivyomfundisha, akaweka pamba, akaketi tena.

“Siku ile,” alisema, “pale njia panda.”

“Hukuwepo.”

Kinyozi alikuwa ameuelekeza uso ukutani, kwa kuwa ndivyo alivyogeuzwa, na alizungumza na ukuta.

“Uliniambia utasimama kona inayofuata. Nikaja natazama, nimekutafuta kweli, maana niliogopa kupotea siku ya kwanza mkanicheka. Nikafika pale hakuna mtu. Nikajisemea, basi si hapa, ingekuwa hapa shemeji angekuwepo. Nikanyoosha.”

“Ulimwambia dada yako hukumbuki kitu.”

“Nilimwambia.”

Seremala akaeleza yote: kizibao, mkono, vumbi, mtu wa maziwa na kreti yake. Alieleza kwa haraka na bila mpango, maneno aliyoyaandaa yakampotea. Kinyozi alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho alicheka kidogo, kicheko kikavu, akasema, “Maziwa,” basi.

“Akirudi dada yako namwambia,” Seremala alisema. “Sitaki kesho inikute hivi. Na Mwalimu nitamfuata kwake.”

“Usimwambie.”

“Shemeji, silali.”

“Na mimi nalala?”

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Kinyozi alingoja kelele zipungue, akaongea polepole, kama mtu aliyelifikiria jambo wiki nyingi kitandani, kwa sababu kitandani hakuna kingine cha kufanya.

“Dada yangu mimi namjua. Ukimwambia leo, kesho hukai humu. Hatakusikiliza habari ya vumbi wala maziwa. Utaondoka na vyombo vyako vya kazi, naye atabaki ameshinda. Halafu saa kumi na moja alfajiri itafika, na mimi niko hapa, nataka kugeuzwa. Nani ataninyanyua? Yeye na mgongo wake? Watoto?”

“Nitakuja. Nitakuja kila siku.”

“Atakufungulia mlango gani?”

Seremala alitazama mikono yake. Maji kwenye beseni yalikuwa yameanza kupoa.

“Na Mwalimu?” aliuliza baadaye. “Amenunua miwani, shemeji. Macho yake ni mazima.”

“Mwalimu haninyanyui.”

Alisema bila chuki. Halafu, kwa kuwa alihisi shemeji yake anangoja neno jingine, akaongeza kwamba asije akadhani amesamehewa. Hajamsamehe, na huenda asimsamehe. Anamhitaji tu. Kama angekuwa na miguu, angesimama akampiga, kisha angeenda zake, na mambo yangeishia hapo kama kwa watu wengine.

Seremala alilia. Hakulia kwa sauti, lakini alilia, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili, kwenye kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Kinyozi alimwacha alie kwa muda aliouona unatosha, kisha akamkumbusha kwamba maji yanapoa.

Mkewe aliporudi, na mikate iliyovunjika kwenye mfuko, aliwakuta hivyo: mume amemkumbatia mdogo wake kifuani, mikono imepita chini ya makwapa, anamtoa kitandani na kumshusha kwenye kiti, miguu miwili myembamba ikiburuzika. Alisimama kwenye uwazi wa mlango akawatazama. Macho ya mumewe yalikuwa mekundu, naye akayasoma alivyoyasoma. Alisema kule kazini wanawake wenzake wanamwonea wivu. Waume zao wangekuwa wameshamrudisha shemeji kwao zamani.

“Umemshukuru shemeji yako leo?” alimwuliza mdogo wake.

Kinyozi alikuwa bado amening'inia shingoni mwa Seremala, mdomo karibu kabisa na sikio lake.

“Asante, shemeji,” alisema.

“Usijali,” Seremala akajibu.

Mke akaridhika, akaenda jikoni kuwasha jiko. Na tangu jioni ile Kinyozi hajasahau hata siku moja. Anapogeuzwa alfajiri anamshukuru, anapokalishwa anamshukuru, anapolazwa anamshukuru, kwa sauti ya kutosha dada yake aisikie, na kila mara Seremala anajibu usijali.